Tundu la msumari: tupake kinga, au tubadili plastiki yenyewe?

Mwezi uliopita nilipanda juu ya paa la nyumbani Tukuyu kutafuta panapovuja. Pembeni mwa msumari, bati la rangi lilikuwa na doa la ukubwa wa punje ya mchele. Nilipokwangua kwa ncha ya kisu, rangi ilibanduka gamba zima la upana wa kiganja, na chini yake kulikuwa na kutu tupu. Nilikaa pale juu nikiwaza mabishano ninayoyafuatilia siku nyingi: chombo cha angani kipakwe kinga, au kiundwe kwa plastiki inayojilinda?

Kwenye kilomita 400 hivi, njia ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, hakuna mvua ya Rungwe. Adui ni oksijeni. Mionzi ya jua hupasua molekuli zake zikabaki atomu moja moja, zenye njaa ya kushika chochote, na chombo huzigonga kwa kasi ya karibu kilomita 8 kwa sekunde. Plastiki ya Kapton, inayobeba seli za sola, huliwa taratibu ikageuka gesi.

Wanaotetea upakaji wana hoja nzito. Silika, ndugu wa kioo, imeshashika oksijeni yake, haina tena cha kuliwa. Paneli kubwa za kituo hicho zilipakwa tabaka la takribani nanomita 130. Unywele mmoja unazidi unene huo mara mia kadhaa. Uzito hauongezeki kwa kiasi cha kutajwa, na paneli za kwanza, zilizopelekwa mwishoni mwa 2000, zimepita miaka 20 zikizalisha umeme.

Shida ni tundu. Chembe ya vumbi au mkwaruzo wa kiwandani unatosha. Atomu ikishaingia hudunda huku na kule chini ya kinga, ikichimba pango pana kuliko mlango wake. Kisa kinachoniuma ni cha kifuniko kimoja cha Kapton kituoni hapo, kilichopakwa alumini pande zote mbili. Baada ya mwaka mmoja hivi plastiki ilikuwa imeliwa, imebaki alumini nyembamba iliyochanika. Alumini ya nyuma, iliyowekwa kwa nia njema kabisa, ndiyo iliyokuwa ikizirudisha ndani atomu zilizopenya kwa mbele, zikaendelea kula.

Bati angalau lina zinki chini ya rangi, nayo hukubali kuliwa kabla ya chuma. Silika haina moyo huo. Ndiyo maana wanakemia wengine wamechanganya silikoni ndani ya plastiki yenyewe: uso ukiliwa, silikoni inayobaki hushika oksijeni ikawa silika, na ukikwaruzwa kinga hujijenga upya. Lakini plastiki hupungua kidogo kabla kinga haijatimia, na aina hii haijakaa angani miaka mingi kama ile ya kupakwa.

Mimi, kwa chombo cha kukaa miaka kumi, ningechagua iliyochanganywa. Kwa setilaiti ndogo ya miaka miwili, ya aina ambayo vijana wa vyuo vya Mbeya wanaiota, silika ya kupakwa inatosha. Ila ningesimama nao mezani siku ya kukata ile Kapton, glovu mkononi, madirisha yamefungwa vumbi la kiangazi lisiingie, tuikague kwa hadubini inchi kwa inchi kabla haijakunjwa.