Mbuzi Wangu na Ibara ya 30

Nina mbuzi anaitwa Mheshimiwa. Msiniulize. Dodoma hii, kila anayetembea polepole huku akitafuna tunamwita hivyo.

Juzi kakata kamba, kaingia kwa jirani, kala mzabibu. Si zabibu, hata hazijatunga. Kala machipukizi, yale ambayo mama wa watu anayamwagilia kwa maji ya dumu. Mama hakupiga kelele. Kachukua tawi lililochunwa mpaka gome, kalilaza juu ya meza ya mwenyekiti wa mtaa kama maiti.

Nami nilikwenda na Katiba yangu kwapani. Nikasimama: "Mzee mwenyekiti, Ibara ya 24, kila mtu ana haki ya kumiliki mali. Mbuzi ni mali. Ibara ya 17, uhuru wa kwenda kokote."

"Hiyo ya 17 inasema kila nani, mwanangu?"

Nikasoma. Kila raia.

"Mheshimiwa ana kitambulisho cha taifa?"

Watu wakacheka. Mimi mwenyewe nina namba tu, kadi sijaiona.

Akaniambia funua mbele. Ibara ya 30: haki yako isikatize haki za wenzako wala maslahi ya umma. Haki hizi ziliingia kwenye Katiba mwaka 1984, na kumbe kamba yake iliingia nazo.

Nikauliza, sasa msafara ukipita tukasimamishwa kwenye daladala, jua la saa nane, umma ni sisi tuliobanana au ni yule wa kwenye vioo vyeusi? Akasema hilo si la kikao hiki. Halijawahi kuwa la kikao chochote.

Hukumu: mbuzi afungwe kamba ya mita mbili. Hapo nikachachamaa. Mahakama ya Rufani, mwaka 1993, shauri la Kukutia Ole Pumbun, ilisema sheria inayobana haki isibane kupita inavyohitajika! Mita mbili hata kivuli cha mwarobaini hakifiki. Tukatoka wote kwenda kupima, mama kashika ncha moja, mimi nyingine, mwenyekiti anahesabu hatua. Mzabibu uko mita nne. Tukakubaliana tatu.

Usiku kucha Mheshimiwa kalia. Uhuru wa maoni, Ibara ya 18.

Asubuhi namwona mama anaelekea kwa mwenyekiti. Safari hii hajabeba tawi, kabeba kitabu.