Serikali inanunua jibu, hata likiwa "hapana"

Rafiki yangu anayeishi Marekani aliwahi kunitumia andiko lake la kuomba ruzuku ya serikali nilisome kabla hajaliwasilisha. Yeye na wenzake wawili walikuwa wanaunda kihisi cha kusikiliza mabomba ya maji yaliyofukiwa ardhini, ili kijulishe bomba linavuja wapi kabla maji hayajaibuka juu. Andiko lilikuwa safi, lakini kila ukurasa uliapa kwamba kitu hicho kitafanya kazi. Nikamuuliza, kama una uhakika kiasi hiki, utafiti wa nini tena? Akacheka, akaniambia ndivyo kila mtu anavyoandika, vinginevyo hupati.

Kicheko chake kimenikaa kichwani, maana mpango aliokuwa anauomba uliundwa kwa ajili ya mambo ambayo hakuna mwenye uhakika nayo. Unajulikana kwa herufi zake, SBIR, na ni mpango wa serikali ya Marekani wa kuzipa kampuni ndogo ruzuku za utafiti. Ulianza kama jaribio dogo mwaka 1977 katika taasisi ya taifa ya sayansi ya Marekani, kwa kusukumwa na ofisa mmoja aitwaye Roland Tibbetts. Mwaka 1982 Rais Ronald Reagan akatia saini sheria iliyousambaza kwenye idara nyingine za serikali. Hazikutengwa fedha mpya. Kila idara inayotumia zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka kulipia utafiti unaofanywa nje ya kuta zake ilitakiwa kumega kipande na kuwapa wafanyabiashara wadogo. Kilianza na asilimia 0.2, siku hizi ni asilimia 3.2. Vyuo vikuu vilipiga kelele wakati ule, na siwalaumu, maana kipande chenyewe kilikuwa kinamegwa kwenye sahani yao.

Masharti hayana maajabu: kampuni ya kutafuta faida, isiyozidi wafanyakazi 500, inayomilikiwa zaidi ya nusu na watu wa huko. Kinachowashangaza wengi ni kwamba serikali haichukui hisa na haidai irudishiwe fedha. Israel, kwa mfano, ilizoea kuidai kampuni iliyofanikiwa asilimia ndogo ya mauzo mpaka ruzuku irudi. Wamarekani wanasubiri kodi.

Fedha hutoka kwa awamu. Ya kwanza ni fedha kidogo, za miezi sita hadi mwaka, na kazi yake ni kujua tu kama wazo linawezekana. Ya pili ni fedha nyingi, mara nyingi kwa miaka miwili, za kuunda kitu chenyewe. Ya tatu haina fedha za mpango kabisa. Hapo utafute soko, au idara ikununulie kwa bajeti yake nyingine, na sheria inairuhusu ikupe mkataba bila kuanza zabuni upya.

Watetezi wa mpango huu hawachoki kutaja Qualcomm, watengenezaji wa chipu za simu, na Symantec, ya programu za kulinda kompyuta, na ni kweli kampuni zote mbili zilipata ruzuku hizi zikiwa bado changa. Lakini hoja hiyo hainiridhishi. Hata bahati nasibu ina washindi wa kupigwa picha. Swali ni kama wangefika bila hiyo fedha.

Mtu aliyelijibu swali hilo vizuri ni mwanauchumi Sabrina Howell, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2017. Alichukua maombi yaliyopelekwa Wizara ya Nishati ya Marekani, ambayo maofisa waliyapanga kwa alama kutoka la kwanza hadi la mwisho. Kisha akalinganisha kampuni zilizopita kwa shida na zilizokosa kidogo tu. Watu hawa wanafanana karibu kila kitu, tofauti ni kwamba mmoja kapata fedha na mwingine kakosa. Akaona kwamba ruzuku ya awamu ya kwanza, dola 150,000 hivi, ilikaribia kuongeza maradufu nafasi ya kampuni kupata wawekezaji baadaye. Ile ya awamu ya pili, ya hadi dola milioni moja, haikuongeza nafasi hiyo. Na kadiri kampuni ilivyokuwa imeshapokea ruzuku nyingi huko nyuma, ndivyo faida ya ruzuku mpya ilivyopungua.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani nimekosea kusoma. Fedha kidogo ishinde fedha nyingi? Maelezo yake yanaingia akilini. Mwekezaji havutwi na muhuri wa serikali. Anataka kuona kitu cha majaribio kikiwa mezani, na dola 150,000 zinatosha kukiweka pale. Mwenye kitu mezani anaondoka na mwekezaji, hata hashughuliki kuomba awamu ya pili. Wengi wa wanaobaki foleni ni wale ambao hakuna mwingine aliyewataka.

Humo ndimo vinamozaliwa vile ambavyo wenyewe huko wanaviita vinu vya ruzuku: kampuni zinazoishi kwa kuandika maandiko, zinashinda mwaka hadi mwaka, na haziuzi kitu kwa mtu yeyote ila ripoti kwa serikali. Mwaka 2022 Bunge lao liliziwekea vigezo vikali zaidi kampuni zenye ruzuku nyingi. Ni sawa, lakini naona tunda limekatwa na mti umeachwa. Ukimpa alama anayeahidi kwa ufasaha, utapata mafundi wa kuahidi. Kama andiko lingeanza na ukurasa unaouliza "nini kitakuonyesha kwamba umekosea, na utakijua mwezi wa ngapi?", kinu kingepata tabu kuujaza. Rafiki yangu asingepata tabu. Alijua tangu mwanzo kwamba adui yake ni kelele za magari barabarani, ila alilificha hilo kwenye sentensi moja ukurasa wa tisa.

Fedha nazo zinachelewa. Kati ya awamu ya kwanza na ya pili kuna miezi ya kusubiri ambayo kampuni kubwa haiisikii, lakini kampuni ya watu watatu inapoteza mhandisi wake. Siasa inaongezea. Sheria ya mpango huu ina tarehe ya mwisho, na mwaka 2022 ilihuishwa siku ileile ya mwisho, tarehe 30 Septemba. Mwaka 2025 tarehe hiyo ilipita bila kuhuishwa. Nani anaweza kupanga mishahara kwa kalenda ya namna hiyo?

Ningekuwa na sauti, ningezifanya ruzuku za awamu ya kwanza ziwe nyingi zaidi, zitoke haraka zaidi, na ziende kwanza kwa wasiowahi kupata. Awamu ya pili ningeipunguza, isipokuwa pale ambapo idara yenyewe imetamka kwa maandishi kwamba itakinunua kitu hicho kikifanya kazi. Najua Wizara ya Ulinzi ina mahitaji ambayo hayana mteja mwingine. Hao waachiwe.

Rafiki yangu alipata awamu ya kwanza. Baada ya miezi minane alikuwa na jibu: kwenye barabara yenye magari, kihisi chake hakiwezi kutofautisha maji yanayovuja na lori linalopita, na alijua kwa nini. Akaandika ripoti ya kweli, safari hii bila viapo, akafunga hesabu, akaajiriwa kwingine. Kanuni za mpango zinazilinda takwimu za kiufundi za ruzuku hizi kwa miaka 20 ili mshindani asiibe, na kwa kitu kilichofaulu huo ni ulinzi mzuri. Lakini ulinzi uleule umeifunika na ripoti yake ya kushindwa. Serikali imelipia jibu hilo na kulifungia kabatini, na yeye mwenyewe, ambaye angeweza kulichapisha, hakuna aliyewahi kumwomba afanye hivyo. Nilipomuuliza majuzi, aliniambia ameona kwenye orodha ya washindi wapya kampuni nyingine ndogo imepewa fedha za kusikiliza mabomba.