Programu ikisubiri sio kwamba imeharibika

Developa wengi hapa Dodoma, kuanzia wadogo zetu wa UDOM mpaka wanaotengeneza mifumo ya maofisini, programu ikiganda dawa yao ni moja: weka taimauti (kikomo cha muda wa kusubiri) sekunde 30, zikipita ua prosesi, yaani programu inayoendelea kufanya kazi, jaribu tena.

Kwenye mtandao wana haki. Mashine ya upande wa pili ikikatikiwa umeme ghafla, TCP (utaratibu wa kuhakikisha data inafika upande wa pili wa mtandao) ya mfumo endeshi wa Linux kwa setingi za kawaida inaweza kurudia kutuma kama dakika 15 kabla haijakata tamaa, na mteja kasimama dirishani. Hapo weka taimauti, sibishi.

Ila prosesi mbili ndani ya mashine moja zinazopeana data kwa paipu (njia ambayo prosesi moja inaandika data, nyingine inaisoma) ni habari nyingine kabisa. Paipu ya Linux kwa kawaida inabeba baiti 65,536, ikijaa kaneli (kiini cha mfumo endeshi) inamsimamisha anayeandika mpaka msomaji apunguze. Mchuma zabibu wa Hombolo kreti likijaa si anasubiri mbebaji aje, nani atamwita mvivu? Huko kusubiri ndiko kunakozuia RAM isijae data ambayo hakuna anayeisoma.

Sasa hiyo 65,536 ndiyo inayotesa watu. Prosesi mama inaanzisha prosesi nyingine, mtoto, inaita wait (amri ya kusubiri) mtoto amalize, ndo isome alichoandika. Ripoti ikiwa ya watumishi 20 inapita bila shida, miezi inaenda, orodha inakua, siku moja mtoto anafika baiti ya 65,537 anasimama, yeye anamsubiri mama asome, mama anamsubiri yeye amalize, wala huoni erori, CPU imetulia tuli. Ukiweka taimauti hapo mtoto anauawa ripoti ikiwa nusu, anaanzishwa tena, anakwama palepale, halafu unasema seva ipo slo unaongeza iwe sekunde 60! Tatizo hujaligusa hata kidogo.

Dawa ni kusoma huku mtoto anaandika. Kwenye lugha ya Python amri ya communicate inafanya hivyohivyo, na maelezo rasmi ya Python yanaonya wazi kuhusu kutumia wait na paipu. Halafu kila prosesi ifunge ncha za paipu isizotumia, maana ncha ya kuandikia ikibaki wazi popote msomaji haoni mwisho wa data, atasubiri milele. Na communicate ukiipa taimauti (ipo tangu Python 3.3) muda ukiisha haikuulii mtoto, unamuua mwenyewe kisha unaiita tena ikusanye kilichobaki.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba taimauti inakwambia tu muda umeisha, haikwambii kazi imefanyika au la. Inawezekana mtoto alishatuma malipo, akachelewa kujibu tu, wewe ukirudia umelipa mara mbili, na hiyo ni hela ya mtu. Kwa hiyo kabla hujaandika neno "jaribu tena" kwenye programu ya malipo, kila ombi lipe namba yake isiyojirudia, na ukirudia tuma namba ileile, ili upande wa pili ujue hili lilishafanyiwa kazi urudishe jibu la mwanzo.