Kahawia Haikuwa Kosa: Gari la Kale na Rangi Yake ya Kwanza

Gari la kale likishavuliwa raba za milango, taa na mapambo, likaanza kupigwa msasa, siri yake hujitoa yenyewe. Chini ya nyekundu iliyozoeleka kwa miaka mingi inaibuka kahawia ya mchanga, au kijani kilichopooza, au kijivu. Hapo mwenye gari hukwama, na fundi anasubiri jibu: tupulize nyekundu ileile, tutafute rangi nyingine, au turudi kwenye ile ya kiwandani?

Wanaobaki na nyekundu wana watetezi wa kutosha. Wanaorudi kwenye kahawia ndio wanaoeleweka vibaya. Huambiwa kwamba wanawaogopa majaji wa maonyesho, kwamba wanapiga hesabu ya mnada, kwamba hawana jicho la uzuri. Lawama ya mnada hainiingii akilini hata kidogo. Mtu anayewaza bei tu, na gari lake lilizaliwa na rangi ya mchanga, ana kila sababu ya kuliacha jekundu, kwa kuwa wekundu huvutia macho ya mnunuzi kabla hajauliza lolote. Anayelirudisha kwenye rangi isiyopendwa anajua vizuri kwamba baadhi ya wateja watageuka na kuondoka.

Hata hivyo upande wa pili una hoja nzito, na sitaki kuzipita juu juu. Iliyo nzito kuliko zote inabebwa na magari mawili ya wanamuziki. Mwaka 1968 Janis Joplin alinunua Porsche 356 ya 1964, gari ambalo kiwandani lilikuwa la kijivu. Alimkabidhi Dave Richards, mmoja wa wasaidizi wa bendi yake, alipake, naye akalijaza michoro ya rangi kali kutoka boneti hadi buti. Joplin alifariki 1970, na baadaye familia yake ikalirudisha gari kwenye kijivu. Kwa kanuni ya rangi ya kiwandani walifanya sawasawa. Lakini miaka ya 1990 wasanii walilazimika kuichora upya ile michoro, na gari likauzwa New York mwaka 2015 kwa dola milioni 1.76 likiwa limevaa nakala, kwa sababu kazi ya mkono wa Richards ilikwisha kupotea. Gari la pili ni Rolls-Royce Phantom V ya John Lennon: lilitoka kiwandani jeusi mwaka 1965, likapakwa njano na kuchorwa maua mwaka 1967, na sasa ni mali ya makumbusho ya Royal BC huko Victoria, Kanada. Sidhani kama yupo mtu wa kupendekeza lipakwe nyeusi.

Hilo nalikubali bila masharti. Ila tazama kinachoyalinda magari hayo. Tunajua nani aliagiza rangi ya pili, nani aliipaka, mwaka gani na kwa nini. Rangi hiyo ina ushahidi wake. Nyekundu ya gari la kawaida mara nyingi haina hata jina la fundi. Mtu fulani alitaka liuzike haraka, au alichoshwa na kahawia katika miaka ambayo kahawia ilionekana kuchuja. Kama gari lilikuwa la mzazi wako, na ulikulia kwenye kiti chake cha nyuma likiwa la bluu, basi bluu hiyo ina haki yake, hata kama haimo kwenye kumbukumbu za kiwanda. Mtu asikutie haya kwa kuibakiza. Lakini nyekundu isiyo na mwenyewe haiwezi kudai heshima ileile.

Ipo pia hoja ya "gari ni langu". Ni kweli, na ubishi juu yake hauna faida. Tatizo lake ni kwamba inakupa ruhusa bila kukupa jibu.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya mafundi rangi wenyewe. Wanasema rangi ya kiwandani hairudi. Kinachorudi ni kitu kinachofanana nayo. Wanasema kweli. Tangu miaka ya 1920, kampuni ya kemikali ya DuPont ilipoleta rangi yake ya Duco, magari mengi yalipulizwa rangi ya selulosi iliyokauka upesi na kung'arishwa kwa polishi. Njano na nyekundu nyingi za zamani zilipata ukali wake kutoka kwenye kromati ya risasi, kemikali yenye sumu ambayo watengenezaji wa rangi za magari wameiacha. Fundi wa leo huikaribia rangi hiyo kwa kuchanganya vitu vingine, na mchanganyiko wake unaweza kulingana kabisa na kipande cha zamani chini ya taa ya gereji, kisha ukaachana nacho gari linapotolewa nje kwenye mwanga wa mchana. Juu ya hapo, rangi za siku hizi nyingi hupulizwa kwa hatua mbili: rangi yenyewe, halafu vanishi ngumu. Vanishi hiyo hulipa gari la 1962 mng'ao wa kioo ambao halikuwahi kuwa nao.

Namba ya rangi iliyo kwenye kibati cha gari nayo haimalizi kazi. Inakupa mchanganyiko wa kuanzia tu, na ukiufananisha na mlango uliokaa juani miaka hamsini utapotea, kwani nyekundu hupauka ikaelekea waridi na rangi nyingine hufifia kila moja kwa namna yake. Kipimo cha kuaminika kimejificha nyuma ya dashibodi, chini ya raba ya mlango, chini ya zulia la buti. Na pale ambapo kibati kimeng'oka, kumbukumbu zipo: makumbusho ya British Motor Museum yaliyoko Gaydon, Uingereza, hutoa hati za magari mengi ya Kiingereza zikitaja rangi iliyoandikwa kiwandani, na yale ya Volkswagen huko Wolfsburg hufanya hivyohivyo kwa magari yao.

Kutoka "hairudi kikamilifu" hadi "basi paka chochote" ni kuruka mbali mno. Rangi ya hatua moja isiyohitaji vanishi bado inapatikana. Hata Umoja wa Ulaya, ulipobana viyeyusho kwenye rangi za magari kwa sheria ya 2004, uliziachia nchi wanachama nafasi ya kutoa leseni maalumu kwa ukarabati wa magari yenye thamani ya kihistoria. Fundi mvumilivu atafika karibu sana na rangi ya kwanza, na tofauti itakayobaki ni ndogo mno ikilinganishwa na tofauti ya kahawia na nyekundu.

Kuhusu gharama, watu wengi huikosea hesabu. Kubadilisha rangi kikamilifu ni kazi ya kung'oa injini, viti, nyaya na vioo. Kwa sababu hiyohiyo aliyelipaka jekundu zamani hakuimaliza: fungua boneti utakuta kahawia, inua zulia utakuta kahawia, chungulia ndani ya nguzo za milango utaikuta tena. Kwa gari la namna hiyo, kurudi kwenye rangi ya kwanza ni kupuliza nje tu, na ndani kunakuwa kumeshapatana na nje. Kubaki na nyekundu, kama unataka ifanywe vizuri, ndiko kunakodai injini ishuke.

Lakini hata kama hesabu ingekuwa kinyume, bado ningeitetea kahawia, kwa sababu ya jambo moja ambalo kila mwenye gari huliona dogo kwa kuwa lake ni moja tu. Kila gari la kawaida linalogeuzwa kuwa jekundu hupunguza ushahidi wa namna barabara zilivyoonekana. Tumeshaona jinsi kumbukumbu inavyopotoka. Muulize mtu yeyote rangi ya Ford Model T, atakujibu nyeusi. Nyeusi ilikuwa rangi pekee kati ya 1914 na 1925 tu. Magari ya miaka ya mwanzo, kuanzia 1908, yalikuwa ya kijivu, kijani, nyekundu na baadaye bluu iliyokolea, na rangi zilirudi tena 1926. Picha nyeusi na nyeupe, pamoja na msemo maarufu wa Henry Ford, mwenye kiwanda, kwamba mteja achague rangi yoyote mradi iwe nyeusi, vimeifuta miaka hiyo kwenye vichwa vya watu. Anayepaka nyeusi Model T ya 1910 kwa sababu "ndivyo zilivyokuwa" anaongeza shahidi wa uongo, tena kwa nia njema.

Jambo hilohilo linaendelea kwa magari ya juzi tu. Miaka ya 1970 viwanda viliuza rangi ya haradali, machungwa, kijani cha parachichi na kahawia ya kila aina. BMW 2002 ya machungwa iliyoitwa Inka bado inatambulika kwa mbali. Teksi za Ujerumani ya Magharibi, zilizokuwa nyeusi, zilitakiwa tangu 1971 kuwa na rangi hafifu ya pembe za ndovu. Mercedes W123 iliyofanya kazi hiyo ikipakwa fedha ili ionekane ya tajiri imenyang'anywa maisha yake ya kazi. Gari la mkurugenzi litatunzwa vyovyote vile. La dereva wa teksi, mwalimu au mhasibu, lililoagizwa na rangi ya mchanga kwa kuwa haionyeshi vumbi, halina mtetezi ila yule anayelimiliki leo. Wamiliki wakichagua mmoja mmoja rangi ya kupendeza, baada ya miaka thelathini kila mkusanyiko wa magari ya kale utaonyesha enzi ambayo haikuwahi kuwapo.

Yote haya ni kwa gari ambalo lazima lipakwe. Kama rangi ya kwanza ingali hai, hata ikiwa na mikwaruzo, swali linabadilika kabisa. Mkataba wa Turin, uliopitishwa na FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, mwaka 2012, unahimiza kuhifadhi kilichopo kabla ya kukarabati, na maonyesho ya magari ya kale ya Pebble Beach, California, yalianzisha mwaka 2001 kundi la magari yaliyohifadhiwa bila kufanywa mapya. Kipimo cha unene wa rangi kitakusaidia kujua: kwenye magari mengi, bati lenye rangi ya kiwandani husoma mikroni 100 hadi 150 hivi, na namba zikiruka hadi mia tatu, nne, kuna rangi ya pili, au pati ya kujazia mabonde, chini yake. Paneli mbili zilizopulizwa upya si sababu ya kuzichubua nyingine sita.

Ukiamua kurudi kwenye rangi ya kwanza, mwambie fundi apulize majaribio kwenye kipande cha bati, ukikague asubuhi na jioni kando ya kipande kilichokuwa kimefichwa, kabla hajagusa gari. Na nyekundu nayo usiifute yote. Acha kipande chake cha ukubwa wa kiganja chini ya zulia la buti, kikiwa na tabaka zote zilivyopangana, ukiandike kwenye faili la gari pamoja na picha na mchanganyiko uliotumika. Atakayelimiliki baadaye anaweza kumpata mtu anayejua nani aliyeipaka nyekundu hiyo na kwa nini.