Koti Langu Limealikwa Kwenye Tivii

Mie sina neno na mtu kuitwa mchambuzi. Mchele unachambuliwa, dagaa wanachambuliwa, na siasa nayo ichambuliwe. Lakini anayechambua mchele mwisho wake hukuonesha mawe aliyoyatoa. Hawa wa jana usiku wamekaa saa moja na nusu, watu wanne na jagi la maji, na jiwe hata moja sikuliona.

Mada ilikuwa kero za Muungano, huu wa Tanganyika na Zanzibar. Sisi wa baraza hii ya Mwembetanga, hapa mjini Unguja, mada hiyo tumeilea na tumeshaiozesha, lakini utafanyaje? Rimoti ya tivii ya muuza kahawa ilizama kwenye ndoo ya kuoshea vikombe tangu mfungo, kwa hivyo stesheni ni ileile mpaka Mola apende. Na msidhani sisi ni wageni wa kutazama. Televisheni ya rangi tunayo tangu miaka ya sabini mwanzoni, wenzetu wa Bara wakaja kuwasha yao 1994. Nusu karne tunatazama rangi, yakhe, nikasema labda safari hii tupate na maneno.

Mgeni wa kwanza, wa chama, alianzia 1964, mwaka wa kuungana. Wa pili, wa chama kingine, akamkatiza, akaanzia 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Ndiyo dasturi yetu: mjadala hupanda gari 1964, hushuka 1995, hupumzika kivulini 2010 kwenye kura ya maoni ya serikali ya umoja, halafu hukwama 2015 pale uchaguzi wa Zanzibar ulipofutwa. Ukitaka ufike leo, muadhini ameshasimama kuadhini Alfajiri. Wa tatu alikuwa mhadhiri. Alisema "kwa muktadha huo" mara 11, nilimhesabia kwa kete za bao. Kumi na moja sawasawa, kama orodha ya mambo yaliyowekwa chini ya Muungano ilivyokuwa 1964 kabla haijafika 22. Nikasema huyu naye tukimwachia atafika hukohuko.

Mimi fundi cherehani, mniwie radhi, mtu akiongea na nisimfahamu, humtazama nguo. Wa kwanza kofia yake ya viua ni ya mashine, hata bila miwani utaona, viua vyote vimepangana kama askari. Ya mkono mtu huishona miezi, na lazima kiua kimoja kiwe kimenuna. Wa pili suruali imepigwa pasi mikunjo miwili. Mtu hajaamua mguu wake upindwe wapi, ataniamulia mimi Muungano?

Wa nne sikumtazama mapema kwa sababu kamera ilikuwa haimpendi. Mpaka alipoinua mkono wa kulia, akasema, "Mwenye haki yake alipwe haki yake, kwa wakati, bila ya kuzungushwa." Kamera ikamsogelea. Mkono ule ukajaa tivii nzima, na kwenye mkono wa koti, vifungo vinne. Vitatu vyeusi. Cha nne buluu.

Kikombe kilinitoka.

Kifungo kile nakijua kama ninavyomjua mwanangu wa kwanza. Siku ile vifungo vyeusi viliniishia, Darajani maduka yamefungwa kwa sala ya Ijumaa, na mwenyewe kanisimamia kichwani ana harusi saa kumi. Nikatia cha buluu, nikamwambia, "Bwana mkubwa, usiinue mkono huo sana, na Jumatatu nipitishie nikubadilishie." Ujira 85,000. Arubuni alitoa 30,000. Zilizobaki 55,000, Jumatatu hiyohiyo. Jumatatu ya kabla ya Ramadhani ya mwaka juzi.

Nikimpigia, yuko kikaoni. Nikimtumia ujumbe, anajibu "inshaallah" na kialama cha mikono miwili iliyoshikana. Siku moja nilimkuta Mlandege uso kwa uso, akanikumbatia, akaniulizia hali za watoto mmoja mmoja kwa majina, akanipa pole ya mjomba wangu aliyefariki, na wakati naitikia amina keshapanda gari. Wallahi mtu huyu ana kipaji.

Basi jana anaendelea, na koti langu linamkaa, mabega yametulia, mgongo haujavuta hata kidogo. Nikawa sijui nimlaani au nijisifu. Halafu akasoma hadithi: mpeni mfanyakazi ujira wake kabla ya jasho lake kukauka. Aliisoma vizuri, kwa Kiarabu na tafsiri yake. Jasho langu, sheikh, lilishakauka likatoa chumvi.

"Koti langu lile!" nikasema.

"Lako vipi, lake huyo," akasema mzee mmoja wa baraza.

"Lake theluthi! Theluthi mbili langu!" Nikawaonesha: "Huu mkono unaoniinulia ni wangu. Na kola. Na bitana yote. Yeye chake hapo pengine mfuko wa ndani, na ndiyo maana haufungui!"

Ikatokea namba ya simu ya studio. Kijana mmoja akaniazima simu, kwa sharti nisizidishe dakika mbili. Mara nane iko bize, ya tisa ikaingia.

"Msikilizaji uko hewani, jina lako na unapopigia."

"Assalaam aleikum," nikasema. Na hapa ndipo adabu zinapotuponza. Huwezi kumdai mtu bila ya kusalimia. Nikamsalimia mtangazaji, nikawasalimia wageni, nikawapa pole na majukumu, nikawaombea dua mafundi mitambo.

"Msikilizaji, tunaomba upunguze sauti ya televisheni yako."

Ipunguze wewe isiyo rimoti! Muuza kahawa akapanda juu ya kigoda, akapapasa ubavuni mwa tivii, akabonyeza. Badala ya sauti kushuka, wageni wote wanne wakaondoka, akaja mwanamke wa Kituruki analia Kiswahili kwenye ngazi. Baraza ikalipuka. Nusu wanasema rudisha, nusu wanasema acha, huyu kaachwa na mumewe, tuone. Na mie niko hewani, simuoni ninayemdai, nimetazamana na machozi ya Istanbul.

Nikajikaza. "Swali langu kwa mgeni wa nne. Amezungumza haki na kulipana. Mimi ni fundi. Nataka kujua deni..."

"Ahsante sana, fundi!" mtangazaji akadakia. "Swali zuri la deni la taifa. Tulipeleke kwa mhadhiri."

Salio likakata. Picha iliporudi, mhadhiri alikuwa ndiyo kwanza anakohoa. "Kwa muktadha huo," akasema. Ya 12.

Nilitaka nicheke kama walivyocheka wenzangu, nikashindwa. Maana 55,000 unaweza kuiona hela ndogo ukiwa umekaa kwenye kiti kile cha kuzunguka. Mwenye chumba cha duka hapokei muktadha. Muuza uzi hapokei. Mwezi uliopita nilikopa mchele kilo tano na nikapita njia ya nyuma siku nne, mimi, mtu mzima, ninakwepa duka, na huku mtu aliyevaa jasho langu anapigwa taa za studio usoni na kuitwa mheshimiwa. Akapewa na maji, chupa mbili.

Nikaondoka hata kahawa sijamaliza. Kufika nyumbani, giza. Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, imekwisha. Mke wangu yuko mlangoni na tochi ya simu, akaniuliza, "Ndiyo wewe uliyekuwa unaulizia deni la taifa?" Walinisikia mtaa mzima. Ametoka huko kwenye duka la mchele wanamuuliza kama nimegombea.

Sikujibu. Nikalikunja shati, nikakaa kwenye cherehani ya mguu, ile ya marehemu baba, ambayo ile miezi mitatu ya giza, kutoka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipokufa, ndiyo iliyotulisha. Wenye mashine za umeme walikuwa wanakuja kuniomba zamu. Mkanda wake umelegea kidogo siku hizi, unahitaji kukatwa nusu inchi na kuungwa tena, lakini ukiukata sana unabana gurudumu na mguu unakufa ganzi. Na kuna kaptula tatu za skuli za Jumatatu, kitambaa alichonunua yule mama ni chembamba, upana hautoshi, ukilaza kipande cha nyuma hivi kinakosa mfuko, ukikilaza hivi michirizi inakwenda upande...