Honi Inalia, Kampuni Isiguswe

Hizi pikipiki za stima ni nzuri. Naanza hapo makusudi, juu ukianza na kitu kingine kuna watu watakurukia kabla umalize kuongea, na hao watu si wa kampuni, ni waendeshaji wenzako wa steji. Kwa hivyo nasema tena, ni nzuri, hazinuki mafuta, ile pesa ulikuwa unaacha kwa sheli kila jioni inabaki kidogo kwa mfuko, na hazina kelele, ukipeleka kastoma kwake usiku hata mbwa wa ploti haamki.

Hazina kelele. Hapo ndio nataka tukae.

Ilikuwa mwezi wa nne, ile mvua ya Nairobi ya kunyesha usiku mzima halafu asubuhi jua linatoka na kujifanya halijui kitu. Jumamosi mapema niko hapa Roysambu, napata kastoma, mama mmoja amevaa nyeusi tupu, amebeba shada la maua limemfunika mpaka kidevu, anaelekea mochari upande wa tauni kuchukua marehemu wao na ameshachelewa. Anapanda, nawasha na funguo, honi inaanza kulia. Sijaigusa. Piiiiiiii, mfululizo, haipumui. Nazima, inanyamaza. Nawasha, piiiiiiii. Steji nzima imegeuka kuniangalia, na wale wa petroli wameshaanza kushikana mabega wakicheka.

Wacha nieleze ili msiseme ninasingizia. Kwa mkono wa kushoto kuna batani ndogo ya honi imefunikwa na kampira kembamba sana. Chini yake kuna vyuma viwili, ukibonyeza vinagusana, honi inalia, ukiachilia inanyamaza. Sasa hako kampira kakiwa kameachia kwa ukingo, maji ya mvua yanaingia na hayana njia ya kutoka, yanashikanisha vile vyuma, na honi inaamini kuna mtu ameibonyeza na kidole. Na usifikirie itachoka, betri yangu ni ile kubwa inayosukuma pikipiki nzima, honi inakula moto kidogo tu, inaweza kulia kutoka hapa mpaka Mombasa. Ungesema basi kata waya. Waya ziko ndani ya kava iliyopigwa siili ya kampuni na ukiitoa hiyo siili unalipa faini, iko kwa mkataba na sahihi yangu iko hapo chini.

Nikamwambia, mama, pole, chukua pikipiki ingine. Akaniangalia juu ya maua. "Kijana, washa twende. Kelele haijaua mtu, na huyu naenda kuchukua hata hasikii."

Tukaingia Thika Road tukilia kama mbuzi aliyefungwa karibu na jikoni mkesha wa Krismasi. Garden City matatu zikatupisha, na nyinyi mnajua matatu ya Thika Road haipishi mtu. Allsops makanga mmoja akatoa kichwa akaniuliza kama nimebeba mgonjwa, nikaonyesha maua, akafanya ishara ya msalaba.

Ile ya kunimaliza ilikuwa kabla ya Muthaiga. Nyuma yangu nasikia honi zingine, nyingi, na za kuimba kabisa. Kuangalia kwa saiti mira naona gari limefungwa ribini, na lingine, na lingine, ni harusi. Nao wakaona pikipiki mbele yao inapiga honi bila kupumzika na mwanamke nyuma ameshika maua, wakafikiri nimetumwa na upande wa bwana harusi. Wakanizunguka. Mtu wa kamera ametoka nusu mwili kwa dirisha ananipigia kelele nipunguze mwendo anichukue vizuri. Wamama wanapiga vigelegele. Mimi napiga kelele hapana, hapana, matanga, matanga! Nani atasikia na honi yote hiyo. Na yule mama wangu, Mungu ambariki, alishika shada juu kidogo, akapunga mkono. Huko kwa harusi ya watu kuna video, na ndani yake kuna shada la matanga likipita mbele ya bibi harusi.

Pangani afande akanisimamisha.

"Unapigia nani honi?"

"Hakuna mtu afande, inajipigia."

Hakuamini. Akajaribu mwenyewe, akabonyeza batani, akabonyeza tena kwa nguvu, akaichokora na kucha, na kale kampira kakatoka kakabaki kwa kidole chake. Tukaangalia hako kampira sote watatu. Maji yakachuruzika, tone mbili tatu hivi, na honi ikanyamaza. Afande akaniwekea kampira kwa mfuko wa shati, akaniambia niende haraka sana kabla wakubwa wake waone. Mama alilipa nauli yote na akaniongeza mia juu, akasema marehemu alikuwa mtu wa sherehe.

Sasa narudi steji na hiyo stori nikitarajia pole. Pole gani. Kwa benchi la stima nilipokelewa na kesi.

Wa kwanza kuniruka alikuwa jamaa mmoja mrefu, ndio alileta hizi pikipiki kwa steji yetu, na huwa anaongea utasema ana hisa. "Unaosha pikipiki na pampu ya presha halafu unalaumu kampuni?" Mimi naosha na kitambaa, ananiona kila Jumapili. Akahamia kwa mvua, eti mvua ni ya Mungu, nitashtaki Mungu? Akahamia kwa afande, eti afande ndiye ameharibu batani. Nikamuuliza afande alikuwa wapi honi ikianza kulia hapa Roysambu mbele yake. Akasema mimi napenda siasa.

Mwenyekiti akasema ukweli wa moyo wake kwa sauti ya chini, akiangalia lile benchi lingine. "Tukisema honi ni mbovu, hawa wa petroli watatucheka mpaka Desemba." Na kweli mmoja wao alikuwa ameshapaza sauti kutoka huko: "Yangu ikilia ni mimi nimebonyeza!" Mwingine akakumbusha kwamba logibuku bado iko kwa jina la kampuni mpaka tumalize kulipa, huwezi tukana landilodi na bado una deni ya nyumba.

Kuna mmoja tunamuita Prof, alisoma sheria kidogo karo ikaisha. Akasimama na kikombe cha chai. Akasema Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa ya ubora unaofaa na fidia akipata hasara juu ya kasoro. Akasema 2016 Samsung waliita simu zao za Note 7 zirudi, kama milioni mbili na nusu, juu betri zilikuwa zinashika moto, wakatoa zingine nazo zikaungua, mpaka wakaacha kuitengeneza kabisa, na watu walikuwa wanalalamika dunia nzima. "Kampuni ilikufa? Si hata wewe mrefu unashika simu yao saa hii?" Mrefu akaingiza simu kwa mfuko.

Tukakubaliana tuandike barua. Hapo ndio utajua watu. Mimi niliandika: Honi yenu ni mbovu, mvua ikinyesha inajilia. Mwenyekiti akasema "mbovu" ni kali, weka "ina changamoto." Mrefu akasema changamoto inatisha wawekezaji. Wawekezaji! Sisi tunadaiwa chapati na mama wa chai. Mmoja akasema tuanze na shukrani, ni adabu, ikawa aya ya kwanza, halafu ya pili, halafu barua ikaisha karatasi, na kwa mstari wa mwisho tukabaki na: Honi yenu ni changamfu sana, hasa msimu wa mvua. Prof alikataa kusaini. Mimi nilisaini, nilikuwa na njaa na kastoma wananipita.

Dada wa kampuni akapiga simu akifurahi, akasema ni mara ya kwanza wanasifiwa honi. Wakatutumia reflekta za bure. Honi ziko vile vile.

Kwa hivyo nikachukua tyubu kuukuu ya baiskeli, nikakata kipande cha kutosha batani, nikakivuta juu ya ile batani na kukifunga na uzi wa nailoni chini, maji hayaingii na siili ya kampuni sijagusa. Mvua ikapiga wiki hiyo yote na yangu ikanyamaza. Wakaanza kuja mmoja mmoja, giza likiingia, hakuna anayetaka kuonekana. Mwenyekiti alikuja na kofia ameivuta mpaka kwa macho.

Mrefu alikuja wa mwisho. Akasimama kando ya pikipiki yake na kuniambia yake haina shida yoyote, anataka tu ya kuzuia vumbi.

Nikamwambia ya vumbi ni hamsini, ya maji ni mia.

Akaangalia nyuma, akatoa mia.