Kuiga Moi si kukwaruza sauti tu

Hapa Nakuru ukikaa na watu watatu kwa kibanda cha chai, lazima mmoja awe na Moi wake. Si ajabu, huyo mzee, rais wetu wa pili, alikuwa wa Kabarak, hapo tu ukitoka tao. Lakini wengi wanamuiga vibaya jameni, mtu anakwaruza koo, anasema "wananchi watukufu", basi, anangoja tucheke.

Kuna fundi wa viatu karibu na soko, huyo ndiye anajua hiyo kazi. Kwanza hasemi kitu. Anashika mwavuli katikati kama ile fimbo ya Nyayo, yaani Moi mwenyewe, anainua kidole kimoja, anaangalia juu ya kichwa chako kama ana uwanja mzima nyuma yako, alafu ananyamaza, ananyamaza mpaka unaanza kujiuliza umekosa nini. Watu washaanguka kwa kicheko na hata neno halijatoka.

Mi naona amemuelewa Moi kuliko wengi, juu enzi hizo kuiga ilikuwa kazi ya serikali. 1984 aliwaambia mawaziri waimbe kama kasuku, yeye akiweka nukta na wao waweke hapo hapo, na akasema hata yeye wakati wa Mzee Kenyatta aliimba wimbo wa Mzee mpaka watu wakasema huyu hana lake. Sasa wale wachekeshaji wa Redykyulass walipotokea kwa tivii miaka yake ya mwisho madarakani, Walter Mong'are akiwa ndiye Moi, kasuku akawa anamcheka mwenye kumfundisha. Babangu alikuwa anapunguza sauti ya tivii kwanza ndio acheke. Mazoea!

Ndio maana hawa wa siku hizi wa TikTok wananichosha, unafungua klipu ni Mluhya na ugali, Mjaluo na samaki, Mkikuyu na r na l zake, kila siku hiyo hiyo. Hapo umeiga nani sasa? Mtu wa Kakamega hujamwangalia hata dakika tano, umeiga mchekeshaji mwenzako aliyeiga mwingine. Si uchukue MCA wako, yule mwakilishi wa wadi, vile anateremka kwa gari akifunga koti, vile anakushika mkono na macho tayari yako kwa mtu wa nyuma yako, vile anacheka kabla hujamaliza kuongea. Wapo kila matanga, kila harambee, na kuwaangalia hakuna kiingilio.